Fidla na Msamaha

Mwaka 1945 Yehudi Menuhin, mpiga fidla Myahudi aliyezaliwa New York mwaka 1916, aliwapigia muziki manusura wa kambi ya Bergen-Belsen. Mwaka 1947 alipiga Berlin, Wilhelm Furtwängler akiongoza okestra. Wayahudi wengi walimlaumu kwa kuwatumbuiza Wajerumani kabla machozi ya waliofiwa hayajakauka. Lawama hiyo ilikuwa na haki, kwa kuwa msamaha ni mali ya aliyedhulumiwa. Mwingine hawezi kuutoa kwa niaba yake. Lakini kupiga fidla si kusamehe. Muziki haufuti deni. Humkumbusha mdaiwa kuwa yeye bado ni mtu, na mtu ndiye awezaye kuona haya. Mnyama hatubu. Menuhin hakutoa asichokuwa nacho. Alitoa sanaa yake, na deni likabaki palepale, likimngoja mwenye kulilipa.