Shujaa juu ya sarafu: ni heshima ao ni biashara?

Tuanze na swali: mtu aliyepigana juu ya wanyonge, ukichora uso wake juu ya feza, umemheshimu ao umemuuza?

Wako watu wanaokusanya sarafu za ukumbusho. Moja wanayoipenda sana ni ile ya peso 3 ya Cuba, iliyoanza kutolewa mwaka 1990, yenye uso wa Ernesto Che Guevara. Watalii wanainunua mu Havana kwa bei inayopita thamani yake.

Swali hili si la mbali na sisi. Mwezi wa 4, 1965, huyo mtu alivuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, akashuka Kibamba, upande wa Fizi, kusaidia maasi ya wafuasi wa Lumumba. Hapa kwetu jina lake lilikuwa la Kiswahili: Tatu. Mwezi wa 11 alirudi bila ushindi, na yeye mwenyewe aliandika kama kazi ile ilishindwa. Leo Tatu iko juu ya peso tatu! Na mbele ya hapo, alipokuwa mkubwa wa Banki ya Taifa ya Cuba, alitia sahihi juu ya noti kwa jina la utani tu, «Che». Wengi waliona kama anadharau feza.

Kwa hiyo wengine watasema: sarafu hiyo ni kumcheka. Wengine watajibu: hapana, inafundisha. Sisi walimu tunajua kama kitu kidogo mu mkono wa mtoto kinaweza kupita kurasa kumi za kitabu. Anakigeuza, anauliza: «Huyu ni nani?» Hapo somo linaanza. Pande zote mbili ziko na haki kidogo, lakini zote zinatazama sarafu. Hazitazami yule anayeichunga.

Patrice Lumumba aliuawa mu Katanga tarehe 17 Januari 1961. Polisi mmoja Mbelgiji, kati ya wale walioharibu mwili wake, alibakisha meno kama ukumbusho. Jino moja lilirudi kwetu mwezi wa 6, 2022 tu. Yule polisi naye alikuwa anachunga! Basi kuchunga kitu cha marehemu si kumheshimu bado. Lazima kujiuliza: niko na deni gani kwa huyu mtu, na ninalilipa namna gani?

Wazee wa zamani walielewa jambo hili. Ku Sanga, karibu na ziwa Kisale, makaburi yalikutwa na misalaba midogo ya shaba pamoja na wafu. Shaba ilikuwa mali, lakini waliiachilia iende na marehemu. Heshima yao iliwagharimu kitu.

Sisi hatukatazi mtu kukusanya sarafu. Tunasema tu: mwenye sarafu ya Tatu alipe deni lake. Awaeleze watoto habari yote, hata kushindwa. Tena awatafute wazee wa Fizi walioona mambo yale, walioonyesha njia, waliobeba mizigo, waliozika ndugu zao. Nyuso zao haziko juu ya sarafu yoyote. Aandike majina yao mu kaye, leo, juu kila mwaka wanapunguka. Sarafu itangoja mu sanduku, wazee hawatangoja.