Kabla Hujahamia Morogoro

Labda umepata kazi Morogoro na unajiuliza kama utapapenda. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, ni rahisi kwenda Jumamosi moja, ukaifurahia Milima ya Uluguru, ukarudi umeshaamua.

Mimi nasema nenda wakati wanachuo wako likizo. Mji huu una Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa 1984, na Chuo Kikuu cha Mzumbe hakiko mbali. Vyuo vikifunga, mama lishe karibu na chuo hupunguza sufuria, steshenari hufungwa mapema, vyumba vya kupanga hubaki vitupu. Huo nao ni mji utakaoishi.

Jambo zito zaidi ni marafiki. Utazoeana na wanachuo msikitini, kanisani, uwanjani, kisha wanahitimu na kuondoka. Kama kuagana hukuumiza sana, lipime hilo kwa makini. Ila kama unafurahi kukaa na vijana wanaobishana kuhusu mbegu na udongo hadi ndani ya daladala, anza kutafuta chumba, na uulize kwanza kama maji yanatoka kila siku.