Je, Kusahau Ndiko Kupona?

Iko methali ambayo twaisikia kila mara wazee waketipo kuamua shauri, nayo ni hii: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali njema, nasi twaifundisha shuleni. Watu wawili waliogombania mpaka wa shamba, au mbuzi aliyekula mahindi ya jirani, hufanya vema kuifuata, maana hasara ikiisha kulipwa haifai kuichokoachokoa. Walakini leo twataka kuuliza swali moja juu yake. Itakuwaje kwa mtu ambaye yaliyopita ndiyo ndwele yake? Tukimwambia mtu huyo agange yajayo, je, tumempa dawa, ama tumemfukuza mlangoni kwa maneno ya adabu?

Katika mkoa wa Katavi swali hili halikubuniwa na walimu. Sisi tukaao upande wa Mpanda tunao majirani wa Katumba na Mishamo, na habari zao yafaa tuzieleze kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Tarehe 29 Aprili 1972 palizuka maasi kusini mwa Burundi, upande wa Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi wakauawa. Serikali ya Rais Michel Micombero ikajibu kwa kuwaua Wahutu katika nchi nzima kwa muda wa miezi kadhaa, na hasa wale waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi na watumishi wa makanisa. Hesabu za waliokufa hazipatani. Wako wasemao 100,000, na wako wafikao 300,000. Warundi wenyewe huyaita mambo hayo Ikiza, yaani pigo kuu. Waliookoka wakakimbia, na wengi wao wakaingia kwetu, wakapewa misitu waifanye makao: Ulyankulu upande wa Tabora mwaka 1972, Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978. Wakakata miti, wakapambana na mbung'o, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, hata wakaweza kujilisha wenyewe. Mtu apitaye Katumba leo huona nyumba, makanisa, shule na soko, asione jeraha lo lote.

Jambo moja katika habari hizi latugusa sisi walimu kuliko mengine. Watu waliuawa kwa orodha. Jina liliitwa, mtu akatoka, asirudi. Watoto walimwona mwalimu wao akichukuliwa, na baada ya hapo wazazi wengi huko Burundi waliogopa kupeleka watoto shuleni, kwa kuwa kusoma kulikuwa kumefanywa kosa la kufisha. Basi akitokea mzee ambaye hataki jina lake liandikwe na karani, hata kama ni kwa ajili ya kugawiwa mbegu, tusimcheke na kumwita mshamba. Huenda amekwisha kuiona orodha nyingine.

Waganga wa siku hizi huuita ugonjwa huu kiwewe. Si wazimu, wala si pepo, wala si upungufu wa imani. Mtu aliyenao huweza kulima vizuri na kuimba kanisani, lakini usiku hulala kama alalavyo mlinzi. Mbwa wakibweka hukaa kitako. Hapendi kuketi akiupa mlango mgongo. Hughadhibika kwa jambo dogo, kisha haya humshika. Wako wengine ambao moyo wao umekufa ganzi, hata wakimzika mtoto wao wasitoe chozi, na majirani wakawashuku uchawi. Wako waingiao katika pombe kwa sababu pombe huwapa saa tatu za usingizi. Na kwetu neno la haraka ni hili, apelekwe Mirembe, kama kwamba ugonjwa wa akili ni wa namna moja na dawa yake iko Dodoma tu.

Yafaa tujue pia ya kuwa taabu ya siku moja na taabu ya miaka mingi hazifanani. Daktari mmoja wa Marekani, Judith Herman, aliandika mwaka 1992 ya kuwa mtu aliyewekwa chini ya hofu kwa muda mrefu, asiweze kutoroka, huumizwa hata katika namna anavyojiona mwenyewe na anavyowaamini wenzake. Yeye hakuwa akisema juu ya vita peke yake. Aliwaweka pamoja mfungwa, mke apigwaye nyumbani, na mtoto ateswaye na wale waliopaswa kumlea. Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa huu wa taabu ndefu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Basi msomaji asidhani ya kuwa twasema habari za wakimbizi tu. Yuko mama katika kijiji chako, aliyezaliwa hapa hapa, ambaye amepigwa kwa miaka ishirini. Mume amekwisha kufa, na bado akisikia kikohozi cha mwanamume nje huficha mikono yake chini ya kanga.

Kwa nini hofu hiyo haiishi, na mambo yenyewe yamekwisha? Wataalamu hueleza hivi. Mambo ya kawaida huwekwa akilini pamoja na siku yake na mahali pake: nilioa mwaka fulani, mvua ilikuwa ikinyesha, mjomba alichelewa. Lakini jambo la kutisha mno huingia kwa njia nyingine. Huingia kama harufu, kama mlio, kama mapigo ya moyo, bila tarehe. Twaweza kusema halikuandikwa katika daftari la siku. Kwa hiyo lori likipita usiku, moyo wa mtu huyo haumwambii, "Yale yalikuwa 1972." Humwambia, "Wamekuja."

Hapo ndipo ushauri wa kusahau unapokosa nguvu, kwani mtu hawezi kuliweka nyuma jambo ambalo ndani yake halijapata kuwa la nyuma. Wasomaji wetu waijua habari ya Yusufu. Aliuzwa na ndugu zake, akafungwa gerezani bure, kisha akapata cheo Misri, akaoa, na mzaliwa wake wa kwanza akamwita Manase, jina lenye maana ya kusahaulishwa taabu na nyumba ya baba. Mambo yake yalikuwa yamenyoka, na ghala zimejaa. Walakini ndugu zake walipotokea kununua nafaka, mtu yule aliyemwita mwanawe kwa jina la kusahau aligeuka kando akalia, na baadaye akalia tena, hata watu wa nyumba ya Farao wakamsikia. Kwetu sisi machozi hayo si dalili ya udhaifu. Twaona ndiyo mwanzo wa yeye kuweza kusema nao.

Huenda msomaji akasema, "Basi watu na wasimulie tu." Polepole, ndugu. Mwaka 1985 na 1986 mtaalamu mmoja, Liisa Malkki, alikaa pamoja na wakimbizi wa Mishamo na wa mji wa Kigoma, na mwaka 1995 akatoa kitabu juu yao. Huko Mishamo alikuta habari za 1972 zikisimuliwa kama somo, kila mtu kwa maneno yaliyokaribiana na ya mwenzake, zikianzia zamani za mababu, na kugawanya wanadamu kuwa wema watupu na waovu watupu. Mjini Kigoma alikuta mambo mengine. Huko Warundi walikuwa wamechanganyika na watu, wameoana nao, wakijiita kwa majina mbalimbali kadiri ya mahali na wakati, wala hawakuishika ile simulizi.

Nani kati ya hao alikuwa amepona? Sisi hatukati shauri upesi. Wa Kigoma walijificha pia, na kujificha huchosha. Wa Mishamo walipata kitu cha thamani katika simulizi yao, maana iliwapa heshima mbele ya dunia iliyowaona kuwa vinywa vya kulishwa tu. Lakini kuna hatari ndani yake. Katika simulizi ya taifa zima, kaka yangu aliyechukuliwa hana jina. Yeye ni mmoja katika maelfu, nami niliyejificha chini ya migomba na kusikia sauti yake sina mahali. Mtu aweza kuyasema ya taifa lake kwa miaka arobaini, na yale ya usiku wake mwenyewe asiyaseme hata mara moja.

Sasa tutazame yaliyofanyika Uganda. Katika makao ya wakimbizi ya Nakivale, waganga walichagua watu wa kawaida miongoni mwa wakimbizi wenyewe, wakawafundisha kwa majuma machache kuwasikiliza wenzao. Njia mojawapo waliyotumia huanza na kamba. Mgonjwa huitandaza chini, kuwa ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Juu yake huweka maua mahali pa furaha, na mawe mahali pa msiba. Kisha siku baada ya siku hueleza mambo yake kwa utaratibu wa kamba ile, na msikilizaji huandika. Akifika penye jiwe, hawaharakishi. Ulikuwa wapi? Ilikuwa saa ngapi? Ulisikia nini? Mwili wako unasikiaje sasa, ukiwa hapa, mwaka huu? Hivyo jambo lisilo na tarehe hupewa tarehe yake. Mwishowe habari yote husomwa mbele yake, naye hupewa karatasi hizo. Wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia waliingia katika jaribio hilo, na matokeo yake yalipigwa chapa mwaka 2008: waliotibiwa walipata nafuu kuliko wale waliokuwa wakitazamwa tu. Nasi twapenda hasa neno moja katika matokeo hayo. Wako waliozungumza na washauri kwa njia nyingine, bila kamba wala mawe, nao walipata nafuu karibu sawa na wenzao. Yamkini basi nguvu kubwa haikuwa katika kamba. Ilikuwa katika kupata mtu aliyefundishwa kuketi, asiyekimbia maneno.

Hata hivyo kazi hii si ya kila mtu mwenye masikio. Kumlazimisha mgonjwa kusema ni kumtesa mara ya pili. Wala jeraha halioshwi wakati mshale ungali ukirushwa. Mke ambaye bado anapigwa anahitaji kwanza mahali pa kulala salama. Kwa ndugu zetu wa Katumba na Mishamo usalama ulichelewa sana. Mwaka 2007 serikali ya Tanzania iliamua kuwapa hiari, kurudi Burundi au kuomba uraia, na walio wengi wakachagua uraia. Wapata 162,000 walikubaliwa mwaka 2010. Lakini waliambiwa ya kuwa wangehamishwa kwenda mikoa mingine, wakakaa wakingoja bila kujua kama wapande miti ya matunda au wasipande, mpaka shauri la kuwahamisha likaachwa, na hati zikaanza kutolewa mwezi wa Oktoba 2014. Miaka ile ya kungoja nayo yafaa kuhesabiwa katika ugonjwa. Karatasi yenye mhuri yaweza kumpa mtu usingizi kuliko vidonge.

Liko neno moja zaidi, nalo latuhusu sisi Wakristo. Sisi hupenda kuuliza mapema mno, "Je, umesamehe?" Mama hajamaliza kusema jina la mtoto wake, nasi twamwekea msamaha mkononi kama kikombe cha dawa. Msamaha ni jambo kubwa, wala hatuupunguzi. Lakini mwenye duka hawezi kufuta deni ambalo hajalisoma katika daftari. Akilifuta bila kulisoma, amefumba macho tu, na kesho deni litamrudia. Tena kusamehe ni haki ya yule aliyekosewa. Sisi tulioketi pembeni hatuna ruhusa ya kumdai. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba mchana na usiku, asiseme neno hata mmoja wao, na hizo ndizo siku walizomfaa. Walipofungua vinywa na kuanza kumweleza sababu za mateso yake, wakawa mzigo.

Je, watoto waambiweje? Kijana aliyezaliwa Katumba, mwenye hati ya Tanzania, huuliza babu alikufa kwa ugonjwa gani, akaambiwa homa. Lakini mtoto husoma nyuso kabla ya kusoma vitabu. Ameona tangu udogo jinsi bibi anyamazavyo mwezi wa Aprili, naye hujitungia maelezo yaliyo mabaya kuliko kweli. Aambiwe kadiri ya umri wake, na mtu ampendaye, wala asikabidhiwe chuki pamoja na habari.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 tume ya ukweli na maridhiano ya Burundi ilifukua makaburi karibu na mto Ruvubu, mkoa wa Karuzi, ikakuta mifupa ya watu zaidi ya 6,000. Baadhi yao walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Wengi wa Katumba hawana hata hicho. Wafu wao hawana kaburi, wala hawakuliliwa, kwani siku ile kulia kwa sauti kulikuwa hatari. Basi ukoo wo wote ukitaka kufanya leo matanga ya mtu aliyekufa 1972, tusiwaulize kwa nini sasa. Twende na unga na kuni, kama tuendavyo msibani kwa jirani ye yote, tuketi. Jina la marehemu litajwe pamoja na mwaka wake, na mjukuu akiwa na swali, ajibiwe hapo hapo mkekani.