Jina la Marehemu

Wahenga walisema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Methali hii hutuonya tusipuuze habari zinazovuma. Walakini wako wanaoigeuza kuwa mizani ya ukweli, kana kwamba neno likisemwa na wengi, tena kwa muda mrefu, limekwisha thibitika. Tuipime fikira hiyo kwa kisa kimoja mashuhuri cha Uingereza.

Katika mwaka 1888, kati ya tarehe 31 Agosti na 9 Novemba, wanawake watano waliuawa kwa kisu mashariki ya London, ndani ya mtaa wa maskini wa Whitechapel na kando yake. Majina yao ni Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly. Muuaji hakujulikana. Hata jina alilopewa, Jack the Ripper, yaani Jack Mpasuaji, lilitoka katika barua iliyofikia shirika moja la habari mwezi wa Septemba mwaka ule, nayo wakubwa wa polisi walisema baadaye kwamba iliandikwa na mtu wa magazeti. Basi neno lisemwalo kuliko yote juu ya mtu huyu, yaelekea ni la kubuniwa.

Tangu siku zile wametajwa watu wengi: wakili, mchoraji, mfanyabiashara wa pamba, hata mjukuu wa Malkia Victoria. Lakini swali letu leo si nani aliyeua. Twauliza hivi: je, ni haki kumtia marehemu hatiani kwa ushahidi ambao usingetosha kumhukumu aliye hai?

Tuwatazame watu wawili. John Pizer alikuwa mshona viatu Myahudi. Uvumi ulipoenea kwamba muuaji ni mtu aitwaye "Aproni ya Ngozi", watu walimdhania yeye, naye akajificha nyumbani kwa kuogopa kuraruliwa na umati. Akakamatwa tarehe 10 Septemba 1888. Alipoulizwa, alieleza mahali alipolala usiku alipouawa Nichols, na jinsi alivyozungumza na polisi barabarani juu ya moto mkubwa uliokuwa ukiwaka bandarini. Maneno yake yakahakikishwa, akaachiliwa, na jina lake likasafishwa hadharani.

Wa pili ni Montague John Druitt, wakili na mwalimu, ambaye maiti yake iliopolewa katika mto Thames tarehe 31 Desemba 1888. Mwaka 1894 mkubwa mmoja wa polisi, Melville Macnaghten, aliandika hati iliyomtaja pamoja na wengine wawili. Wengi huiheshimu hati hiyo kwa sababu ya cheo cha mwandishi. Sisi na tuulize kama aulizavyo hakimu. Je, shahidi aliona? La, aliingia katika polisi mwaka 1889, mauaji hayo yamekwisha kupita. Je, alimjua anayemtaja? Alimtaja kuwa daktari, naye hakuwa daktari. Na wenzake je? Mmoja wao, Michael Ostrog, alikuwa kifungoni Ufaransa majira ya mauaji, kama hati za huko zilivyokuja kuonyesha.

Ni nini basi kilichomwokoa Pizer? Alikuwa hai akaweza kujibu. Lau angalikufa juma lile, nani angalimtafuta yule polisi, au kuukumbuka ule moto? Bila shaka leo jina lake lingalisomwa vitabuni kama jina la muuaji, na wasomaji wangaliridhika. Druitt hakupata nafasi ya kujibu hata neno moja.

Labda msomaji atasema kwamba siku hizi sayansi imekata shauri. Ni kweli kwamba mwaka 2019 wataalamu wawili walichapisha uchunguzi wa shali iliyodaiwa kuwa ya Eddowes, wakaona alama za urithi zinazoelekea kwa Kosminski, yule wa tatu katika hati ya Macnaghten. Lakini alama walizozipima hurithiwa kwa upande wa mama, na watu wengi wasiojuana huwa nazo sawasawa. Zaidi ya hayo, polisi waliandika kwa uangalifu vitu vyote alivyokutwa navyo marehemu, wala shali hiyo haimo. Kitu kisichojulikana kilikotoka, hata kikipimwa kwa chombo bora namna gani, hakiwezi kuwa shahidi.

Wengine watatuambia, "Maiti haulizwi sanda, imemdhuru nini?" Twajibu kwamba mtu akifa huacha jina, na mara nyingi huacha jamaa wanaoitwa kwa jina hilo. Tena wanawake wale watano hawalipwi haki yao kwa kutajiwa mtu yeyote apatikanaye. Kumsingizia asiyeua ni kuongeza dhuluma ya sita juu ya zile tano.

Kuchunguza si vibaya; mwanahistoria na aendelee, na akipata jambo alitangaze, pamoja na kasoro zake. Lakini ushahidi unapokwisha, hukumu nayo haina budi kusimama. Mwenye kusema "haijathibitika" hajashindwa kazi. Ametoa hukumu ya haki, na marehemu asiye na wakili anaihitaji kuliko mtu mwingine yeyote.