Arobaini si ruhusa ya kubeba ndoo

Ndugu Waislamu, baada ya darsa hapa Mbeya baba mmoja aliniuliza: mkewe katimiza arobaini, mbona hataki kuteka maji? Nikaona haya. Kosa hilo nililifanya mwenyewe tulipokuwa Iringa. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji. Siku ya 41 nikamhimiza apandishe kilima na mzigo wa sokoni. Damu ikarudi.

Kwa madhehebu ya Imam Shafii nifasi kwa kawaida ni siku 40, ukomo wake 60. Hiyo ni hukumu ya twahara, swala na funga, si cheti cha daktari. Hata swala, asiyeweza kusimama huswali ameketi. Sembuse ndoo ya lita 20!

Mazoezi ni mema. Aanze kwa kutembea taratibu pasipo mwinuko, na kubana na kuachia misuli ya kuzuia mkojo. Kukimbia na vizito asubiri takriban miezi 3. Aliyepasuliwa apimwe kwanza. Damu ikizidi, mkojo ukimponyoka au kidonda kikiuma, aache, aende kliniki.

Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia ahli zake nyumbani. Yule baba aliondoka kimya. Juzi nimemkuta bombani, ndoo mkononi.