Kufanana Si Undugu

Kusini mwa Tanzania, Mto Ruhuhu huteremka kutoka nyanda za juu hadi Ziwa Nyasa. Ndani ya miamba ya bonde lake wamelala viumbe ambao hakuna mwanadamu aliyepata kuwaona wakipumua. Mmoja wao alitambulishwa kwa ulimwengu mwaka 2010 kwa jina lenye Kiswahili ndani yake: Asilisaurus kongwe. Aliishi katika kipindi cha Triasiki, miaka inayokadiriwa kufika milioni 240 iliyopita, wakati mabara yote yalikuwa nchi kavu moja. Ziwa Nyasa lilikuwa halijazaliwa. Nyasi zilikuwa hazijaota popote duniani.

Alikuwa mnyama mwepesi, mwenye urefu wa kati ya mita moja na tatu kutoka pua hadi mkia. Ncha ya taya lake la chini haikuwa na meno. Ilichongoka mithili ya mdomo wa ndege. Nyuma ya ncha hiyo yalisimama meno madogo yaliyoshikamana na mfupa wa taya. Kwa kinywa cha namna hiyo, wataalamu wa visukuku wanaona kwamba huenda alikula mimea, pengine pamoja na vyakula vingine.

Lakini ni wa nani? Swali hili ni la kale kuliko sayansi. Kila mgeni anayefika kijijini huulizwa ukoo wake kabla hajaulizwa safari yake. Hatutulii mpaka tujue tumweke wapi. Katika Qurani, Mwenyezi Mungu ndiye anayemfundisha Adamu majina. Katika kitabu cha Mwanzo, wanyama wanaletwa kwa Adamu ili yeye awape majina. Nikizikalisha habari hizi mbili pamoja, naelewa kwamba jina ni kitu tunachopokea na pia kitu tunachotoa. Ni amana. Na amana hudai uangalifu.

Uangalifu wa kwanza ni kutohadaika na chakula. Ingekuwa rahisi kuwakusanya walao majani wote na kuwaita ndugu, lakini koo nyingi za viumbe zimeifikia mimea kila moja kwa njia yake na kwa wakati wake. Kula majani ni maisha ambayo mnyama ameyapata. Nasaba imefichika mahali pengine. Mwaka 1887 Harry Seeley aliitafuta nyongani. Aliwagawa dinosaria katika makundi mawili: wale ambao nyonga zao zinafanana na za mijusi, na wale ambao nyonga zao zinafanana na za ndege. Baadaye ilikuja kufahamika kwamba ndege wenyewe wametoka katika kundi la kwanza, lile la nyonga za mijusi. Wale wenye nyonga za ndege, walao mimea kwa sehemu kubwa, si mababu wa ndege hata kidogo. Hata mfupa unaweza kumfanya mtu aone ujamaa ambao haupo.

Sterling Nesbitt na wenzake waliomweleza Asilisaurus mwaka 2010 walimweka pamoja na Silesaurus, mnyama wa Poland aliyeelezwa na Jerzy Dzik mwaka 2003. Kundi hilo, walisema, ni jamaa wa karibu kabisa wa dinosaria, ila halimo ndani ya ukoo wao. Kwa dinosaria, tundu la nyonga linapokaa kichwa cha mfupa wa paja limetoboka hadi upande wa pili. Kwa Asilisaurus, sehemu kubwa ya ukuta wa mfupa bado ipo. Kisha wakafikia hitimisho ambalo kila nikilifikiri linanituliza. Matawi mawili yanapoachana, huachana siku moja. Kama Asilisaurus tayari alikuwa akitembea, basi ukoo wa dinosaria nao ulikuwa umekwisha kuanza, hata kama mifupa yake haijaonekana. Aliyepo alimshuhudia asiyeonekana. Wenye imani wanaijua njia hii ya kujua.

Hata hivyo jambo halikuishia hapo. Max Langer na Jorge Ferigolo mwaka 2013, kisha Rodrigo Müller na Maurício Garcia mwaka 2020, walitetea wazo kwamba jamaa hawa wa Silesaurus ni dinosaria wa mwanzo wa kundi la nyonga za ndege. Ikiwa ni hivyo, kiumbe wa Ruhuhu anahamia ndani ya nyumba, na kusimama karibu na chimbuko la dinosaria walao mimea. Wakati huohuo Pisanosaurus wa Argentina, aliyehesabiwa kwa miaka mingi miongoni mwa wakongwe wa kundi hilo, mwaka 2017 alipendekezwa kutolewa humo na kupelekwa kwa jamaa wa Silesaurus. Mmoja anaingia, mwingine anatoka, na mjadala unaendelea.

Mwaka 2016 Christopher Griffin na Nesbitt walichunguza mifupa ya mapaja ya Asilisaurus wengi. Waliona kwamba alama ambazo misuli huacha juu ya mfupa mnyama anapokua hazikujitokeza kwa mpangilio mmoja kwa wote. Mwenye umbo dogo aliweza kuwa ametangulia kukomaa kuliko mwenye umbo kubwa. Kwa hiyo hata ndani ya ukoo mmoja kila kiumbe alikua kwa njia yake, na ukubwa wa mwili haukutosha kueleza umri wake.

Hapa naona nafsi zetu. Tunapangana kwa chakula, kwa kazi, kwa sura, kwa kimo cha mafanikio, tena kwa haraka kubwa, halafu tunashikilia rafu tuliyomwekea mtu kana kwamba tumeumba rafu na mtu mwenyewe. Watafiti wa mifupa hii wanarudi kupima tena, na wanakubali mbele ya watu kwamba mahali walipomweka kiumbe panaweza kuwa si pake. Ni wachache kati yetu wanaomfanyia jirani aliye hai uadilifu huo.

Wakati wote huu Asilisaurus hajabadilika. Alikuwa kamili kabla ya kuwapo kwa jina, na hakuna uainishaji unaomwongezea wala kumpunguzia. Amjuaye bila shaka ni Aliyemuumba. Sisi tumepewa mifupa, akili na muda, na tunatakiwa kuvitumia kwa uaminifu. Ndiyo maana naamini uainishaji unaofanywa kwa unyenyekevu ni namna ya ibada. Kumhamisha kiumbe kwa sababu ushahidi umedai hivyo ni kumheshimu Muumba wake; anayekataa kumhamisha analinda heshima yake mwenyewe tu.