Mgeni Asiyepewa Jembe

Bibi yangu aliniuliza swali moja kwa simu, asubuhi ya mwezi wa nane mwaka 2018, na mpaka leo sijalijibu sawasawa. Nilikuwa nimepanda juu ya jiwe kutafuta mtandao, katika hifadhi ya misitu na maziwa iitwayo Harriman, jimbo la New York, kule Marekani nilikokuwa nasoma. Nilitaka kumsalimia tu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Uko wapi, mbona nasikia ndege?"

"Niko msituni, bibi. Tumekuja kupiga kambi. Tunalala kwenye hema."

"Mmefukuzwa kwenye nyumba?"

"Hapana, ni starehe. Tena tunalipia."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mnalipa kulala nje! Haya bwana. Na mwenye msitu ni nani?"

"Serikali, bibi."

"Serikali naijua. Nauliza mwenyewe."

Ndugu msomaji, nilibabaika. Nikamwambia mtandao unakatika, na kweli ulikuwa unakatika, lakini si kwa kiasi nilichomwambia. Nikashuka kwenye hema nikiwa na lile swali kichwani, na ndilo nililolikalia leo kuliandika: Je, mtu anaweza kustarehe kwa haki mahali ambapo wenyewe waliondolewa?

Kwanza nieleze mahali penyewe, usije ukadhani nilikwenda kutafuta kasoro. Harriman iko kiasi cha kilomita 50 kaskazini ya jiji la New York. Ni vilima vya mawe vilivyofunikwa na mialoni na miti mingine mingi, eneo la hekta 19,000 hivi. Ndani yake mna maziwa na mabwawa 31, na njia za miguu ambazo ukizijumlisha zinapita kilomita 300. Tulikuwa wawili, mimi na Mkenya mmoja, kijana wa Kakamega tuliyesoma naye chuo kimoja. Hema tuliazima. Tulilisimamisha karibu na Ziwa Welch, kwa tabu kweli kweli, maana vyuma vilikuwa vingi kuliko akili zetu. Mwenzangu akafuta jasho akasema, "Wee, kwetu mtu akionekana analala msituni, wazee wanaitwa!"

Kuni tulinunua, tita moja dogo lililofungwa vizuri kama zawadi. Huwezi kubeba kuni zako kutoka mbali. Sheria ya jimbo lile hairekebishwi na huruma: kuni zisizokaushwa kwa moto maalumu haziruhusiwi kusafirishwa zaidi ya maili 50 kutoka zilikokatwa, wasije wakasafiri nazo wadudu wanaoua miti. Chakula nacho hukiachi ovyo, kwa sababu kuna dubu. Na takataka zako unaondoka nazo. Naam, tulizitii sheria zote hizo, na nakiri kwamba nilifurahi. Usiku vyura walilia ziwani. Bundi akalia karibu mno, na sisi wasomi wawili tukanyamaza ghafla kama watoto, kila mmoja akijifanya hakusikia. Alfajiri ukungu ulikaa juu ya maji, na nikaona mwili wangu wote umepumzika kwa namna ambayo haukuwahi kupumzika tangu niingie nchi ile. Sitaki kuikana furaha ile. Hoja yangu yote inaanzia hapo, maana kama kusingekuwa na raha, kusingekuwa na swali.

Siku ile ile niliyompigia bibi, mzee mmoja wa hema la jirani, mwanachi wa sehemu zile, alikuja kuazima kiberiti akakaa kuzungumza. Nikalisifia ziwa. Akasema ziwa limetengenezwa na watu, kama yalivyo mengi humo ndani: walijenga ukuta wakaziba maji. Akaongeza, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba hapo kabla ya maji palikuwa na kijiji kikiitwa Sandyfields. Mwenzangu akatazama ziwa, akatazama sufuria yetu ya maharage, asiseme neno.

Mzee akatuelekeza Doodletown. Tukaenda kesho yake, upande wa Bear Mountain, hifadhi iliyopakana na Harriman. Doodletown lilikuwa kijiji cha watu wa kawaida, walioishi bondeni tangu karne ya 18. Palikuwa na kanisa, shule, na makaburi ya ukoo. Mamlaka ya hifadhi ikanunua nyumba moja baada ya nyingine. Wengine waliuza kwa hiari, wengine kwa nguvu ya sheria, na watu wa mwisho waliondoka mwaka 1965. Nyumba zilibomolewa. Palikusudiwa kuwekwa viwanja vya kuteleza kwenye theluji, ila havikujengwa. Leo wanaokwenda ni watembezi na watu wenye darubini wanaotazama ndege. Barabara ya kijiji bado ipo, na pembeni kuna vibao vinavyotaja nani aliishi wapi. Nilipanda ngazi za mawe, ngazi sita hivi, zilizonifikisha pasipo na mlango wala ukuta. Pembeni yake maua ya bustanini yalikuwa yamejiotea ovyo katikati ya magugu.

Yale maua ndiyo yaliyonishika. Bibi yangu ni Mchaga, na kwetu Kilimanjaro mpaka wa kihamba hupandwa masale. Ukipita mahali pa magugu ukaona masale yamejipanga mstari, hakuna haja ya kibao: hapa palikuwa na mji wa mtu. Nikasimama kwenye ngazi za wageni wa mbali nikawa nasoma kwa macho ya nyumbani.

Nikakumbuka jambo la mwaka 1997. Nilikuwa mtoto, nimemfuata bibi kutafuta kuni. Kihamba chake kilikuwa juu, karibu na msitu. Tangu mwaka 1941 palikuwa na ukanda wa nusu maili pembezoni mwa msitu wa Kilimanjaro, uliotengwa ili wananchi wapate kuni na mahitaji mengine. Siku ile sijui tulivuka mstari au hatukuvuka. Mstari wenyewe sikuuona. Wakatokea wanaume wawili. Wakamwambia aweke mzigo chini, wakachukua panga lake. Bibi alikuwa na umri wa kuwazaa. Hakubishana. Ila njiani, wakati tunarudi mikono mitupu, alisema, "Lile panga lilikuwa la babu yako." Basi. Hakulitaja tena maisha yake yote.

Sasa unaelewa kwa nini alicheka vile. Yeye alinyang'anywa panga kwa ajili ya kuni, na mjukuu wake amevuka bahari kwenda kununua tita la kuni aketi msituni kwa raha zake.

Lakini hapa lazima niwe mkweli, kwani ni rahisi mno kumlilia bibi na kumaliza. Hebu tuulize upande wa pili. Msitu wa Harriman ungekuwa wapi bila hifadhi? Karne za nyuma miti ya vilima vile ilikatwa sana kuchoma mkaa wa kuyeyushia chuma, maana migodi ya chuma ilikuwapo humo humo. Mwaka 1909 serikali ya jimbo ilikuwa imeanza kazi ya kujenga gereza kubwa Bear Mountain. Mwaka 1910 Mary Harriman, mjane wa tajiri wa reli, alitoa ekari 10,000 na dola milioni moja kwa masharti kwamba gereza lisijengwe. Ndivyo hifadhi ilivyopata mwili. Na waliofaidi hawakuwa matajiri peke yao. Watoto wa mitaa ya kimaskini ya jijini waliletwa makambini kuogelea na kupata hewa. Je, tuseme ingekuwa bora gereza?

Na kwetu? Maji aliyokunywa bibi yangu, yaliyonywesha migomba na kahawa yake, yalikuja kwa mfongo kutoka juu msituni. Msitu ukikatwa, mfongo unakauka. Mwaka 2005 msitu wa akiba uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ambayo tangu mwaka 1973 ilikuwa inaanzia juu ya msitu, na moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba miti ilikuwa inakwisha kwa wapasua mbao na wachoma mkaa. Kwa hiyo wale wanaume wawili waliochukua panga la babu, walikuwa pia wanalinda maji ya bibi. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ugumu ulipo. Ingekuwa mmoja mwizi na mwingine mwema, nisingehitaji kuandika.

Pengine msomaji atasema: basi swali la bibi halina maana, kwa sababu kila mwenyewe ana mwenyewe nyuma yake. Na ni kweli. Kabla ya watu wa Doodletown, bonde lile lilikuwa katika nchi ya Walenape, ambao walisukumwa magharibi kizazi baada ya kizazi, na leo jamaa zao wako Oklahoma, Wisconsin na hata Ontario, Kanada. Waliofukuzwa mwaka 1965 walikuwa wamekaa mahali pa waliofukuzwa. Ukiendelea kuuliza "mwenyewe nani" utafika mahali hakuna wa kujibu.

Hoja hiyo ilinituliza kwa muda, halafu nikaona ina ujanja ndani yake. Inatumia wingi wa madeni kufuta deni. Mtu akikudai na wewe ukamwambia, "Hata wewe ulidaiwa", hujamlipa. Na bibi hakuniuliza hati ya ardhi. Kwao neno "mwenyewe" lina maana ya mtu unayempigia hodi, anayekujua ukiingia na atakayekuuliza ukiharibu. Alitaka kujua ninalala kwa nani.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi vijana huichukulia methali hii kama maneno ya mwenyeji mchoyo. Nikiwa kule kambini niliiona kwa upande mwingine. Jembe ndilo linalomtoa mtu ugenini. Asiyepewa jembe hajui udongo wa nyumba ile ni mgumu kiasi gani, wala nani alilima alichokula jana. Katika hifadhi za jimbo la New York kambi ina kikomo, usiku 14, kisha ufungashe. Hupewi jembe kamwe. Unaambiwa usiguse, usichukue, usiache alama, na ukitimiza hayo unaondoka ukijiona mtu safi. Ndiyo, ni adabu nzuri ya mgeni. Ila adabu hiyo ikiwa peke yake inatufundisha kwamba mtu mwema ni yule ambaye kama vile hakuwapo, na kwamba msitu mzuri ni ule ambao hakuwahi kukaa mtu. La pili ni uongo, na uongo huo umewagharimu watu. Ukishaamini kwamba pori halina mwenyewe, mama mwenye tita la kuni anaonekana mvamizi katika mahali alipozaliwa.

Kwa hiyo nadhani dhambi haiko katika kulinda msitu, wala katika kulala ndani yake kwa raha. Iko katika kusahau nani alilipa. Mimi kwa usiku tatu nililipa dola chache langoni. Bei yenyewe ililipwa na wenye zile ngazi, na kabla yao Walenape, na huku kwetu ililipwa na watu kama bibi. Starehe isiyoulizia hilo ni kama kula msibani bila kuuliza nani kafa.

Mwaka uliofuata nilijifunza kwamba njia za miguu za Harriman hutunzwa na watu wa kujitolea; kuna chama chao kilichoanzishwa mwaka 1920. Nikaenda Jumamosi moja. Wakanipa kofia ngumu na sururu, tukashinda tunachimba mifereji ya kupitisha maji ya mvua yasiharibu njia. Mikono ilitoka malengelenge. Nilipompigia bibi kumweleza kwamba safari hii nimepewa jembe, nilitegemea anisifu.

"Vizuri," akasema. "Na wale wenye nyumba, umewaona?"

"Hapana bibi. Hawapo."

"Basi wasalimie ukiwaona."

Sijui kama alinitania. Siku moja ya sururu haikumrudishia mtu wa Doodletown jiwe moja la msingi wake, wala haikurudisha panga la babu. Nisidanganye kwamba ilirudisha. Ilinifanyia kitu kimoja tu: tangu siku ile siwezi tena kupita kwenye njia ya msituni nikadhani ilijitokeza yenyewe.

Bibi alifariki mwaka 2021. Tulimzika kihambani kwake, na masale yako pale. Nilipokuwa natupa udongo niliwafikiria watu wa Doodletown. Makaburi yao bado yapo, ndani ya hifadhi, na mwenye kwenda kumzuru babu yake hupishana njiani na watu wenye darubini. Mimi kumzuru bibi sihitaji kupita lango lolote. Nilidhani hilo ni jambo la kawaida.

Basi wewe kijana mwenzangu, ukipata nafasi ya kwenda kupiga kambi, iwe Harriman, iwe Kilimanjaro, iwe Kakamega kwao rafiki yangu, nenda, na ufurahi bila kuona haya. Zima moto wako vizuri. Ondoka na takataka zako. Lakini kabla hujasimamisha hema, uliza: hodi hapa napiga kwa nani? Na ukiambiwa ni serikali, sema kama bibi yangu, kwa upole, kwamba hiyo unaijua.